Bahasha Tatu za Mwisho wa Mwezi

Kazi yangu ya kwanza kila asubuhi ilikuwa kufuta namba za jana. Ubao ulikuwa mkubwa kuliko ule wa shule niliyosoma, umepigiliwa ukutani katika chumba cha mbele, na juu yake tuliandika bei za hisa: za mashamba ya mkonge, za kiwanda cha bia, za migodi ambayo sikujua iko upande gani wa dunia. Nilifuta kwa kitambaa chenye maji, nikasubiri ukauke. Saa nne kasorobo simu ya Nairobi ililia, karani mkuu akaandika huku akisikiliza, kisha akanipa karatasi nami nikapanda juu ya kiti na chaki yangu. Saa nne walowezi walianza kuingia. Walisimama mbele ya ubao, kofia mkononi, kama watu waliochelewa ibada. Walizitazama namba mpaka macho yakawatoka, lakini mimi niliyeziandika nadhani wengi wao wasingenitambua wangenikuta sokoni.

Ilikuwa ofisi ya madalali wa hisa, tawi dogo la nyumba kubwa iliyokuwa Nairobi. Mwingereza alikuwa bado anatawala, na Arusha ilikuwa na walowezi wa kutosha wenye fedha zilizolala. Tajiri wetu aliishi kwa kuziamsha. Mtu akitaka kununua sehemu ya kampuni alikuja kwetu, akitaka kuuza alikuja kwetu, na kila mara ofisi ilikata fungu lake. Leo naweza kulieleza jambo hili kwa maneno machache. Wakati ule nilishindwa kumweleza mtu yeyote, na nikaishi miaka minne nikiwa na kazi ambayo hakuna mtu wangu aliyeijua.

Nilitoka kwenye miteremko ya Meru, juu ya Makumira, mtoto wa mkulima wa kahawa. Nilisoma shule ya misheni, nikajifunza kupiga taipu kwa mashine ya mchungaji, na mwalimu wangu akaniandikia barua ya kunipeleka mjini. Tajiri aliipokea akiwa amesimama. Alinipa gazeti nisome kwa sauti, kisha safu ndefu ya hesabu nijumlishe. Nilipomaliza alitikisa kichwa kukubali. Kiingereza changu alikuwa amekisikia kwa masikio yake, lakini tangu siku hiyo mpaka siku ya mwisho, ila mara moja tu, alinisemesha kile Kiswahili cha shambani ambacho walowezi walijifunza kwa wapishi wao.

"Maneno ya hapa nakwisha hapa," aliniambia, akionyesha mlango. "Wewe peleka nje, kazi nakwisha."

Mshahara wangu ulikuwa shilingi mia na ishirini kwa mwezi. Kwa mtoto wa mlimani zilikuwa fedha za kujivunia, na kwa wiki chache nilijivuna kweli.

Tulikuwa watatu chini ya tajiri. Karani mkuu alikuwa Mgoa, mtu wa makamo, mwembamba, Mkatoliki aliyekuja Tanga kijana akitafuta kazi, kisha akaifuata reli mpaka Arusha. Mkewe na watoto watatu walikuwa Goa. Kila mwisho wa mwezi aliwatumia fedha kwa hawala ya posta, na kila baada ya miaka kadhaa alipanda meli kwenda kuwatazama. Baadaye akaja memsabu, mwanamke kijana wa Kiingereza, kuwa mwandishi wa barua za tajiri. Na mimi.

Vyumba vilijieleza vyenyewe. Tajiri alikuwa na chumba chenye zulia. Memsabu alikaa nje ya mlango wake, karibu na dirisha la barabarani. Mgoa na mimi tulikuwa chumba cha nyuma pamoja na makabati ya majalada, yeye kwenye meza, mimi kwenye meza ndogo iliyoutazama ukuta. Saa nne na nusu chai ilipita. Tajiri na memsabu walinywa kwa vikombe vya udongo mweupe, Mgoa alikuwa na kikombe chake mwenyewe alichokinunua na kukifungia kabatini, na mimi nilikuwa na kopo la bati lililokaa juu ya ngazi za uani. Hakuna aliyenikataza kuinywea ndani, ila kopo liliwekwa nje nami nikalifuata. Choo cha uani kilikuwa na kufuli, na ufunguo haukuwa wangu. Nilitembea mpaka choo cha sokoni, mvua au jua, na tajiri akaniuliza mara moja kwa nini napotea sana. Nikaanza kunywa chai kidogo.

Siku ya mshahara tuliitwa mmoja mmoja, mlango ukifungwa nyuma ya kila mtu. Bahasha zilikuwa zimebandikwa gundi. Tajiri aliniambia kwamba mshahara ni siri ya mtu na tajiri wake, na mwenye adabu hamwulizi mwenzake. Mgoa aliiunga mkono kanuni hiyo kuliko hata aliyeiweka. Akitoka ndani, aliitia bahasha mfuko wa ndani wa koti, akafunga kifungo, akakaa kama aliyetoka kupokea komunyo.

Nilipanga chumba Kaloleni, katika nyumba ya mama mmoja wa Kirangi. Wapangaji wenzangu walikuwa fundi cherehani, dereva wa lori, na kijana wa gereji. Jioni walikaa barazani kuzungumza, na miaka ile mazungumzo yalikuwa ya kadi za chama na ya siku Mwingereza atakapoondoka. Mwanzoni walinikaribisha. Waliniuliza nafanya kazi wapi, nikawaambia. Ofisi inauza nini? Hisa. Hisa ni kitu gani? Nikajaribu. Nikasema ni karatasi, mtu anainunua, halafu ana sehemu ya kampuni. Fundi akaniuliza ni nani hasa wanaozinunua, na wana fedha kiasi gani. Hapo nikakumbuka mlango ulioonyeshwa kwa kidole, nikasema hayo siruhusiwi kuyasema.

Nadhani jibu hilo ndilo lililoniharibia. Kijana anayevaa tai, anayekaa siku nzima na Wazungu, anayerudi na siri asizoweza kuzitaja. Wao walikuwa na jina la mtu wa namna hiyo. Hawakunitukana. Waliacha tu kuzungumza nilipopita. Nikifungua mlango wa uani nilisikia sauti, nikitokeza barazani nilikuta watu wanaitazama mvua. Mama mwenye nyumba ndiye aliyenieleza mwishowe, akinipa risiti ya kodi yangu. "Wanasema wewe ni mtu wa polisi, baba. Mimi sisemi. Lakini jioni ukae chumbani kwako, itakuwa heri." Nikakaa chumbani. Nilisoma Biblia na magazeti ya zamani ya ofisini, na kupitia ukuta wa udongo nilisikia wanavyocheka.

Jumamosi mchana nilikwenda nyumbani. Nilipanda lori mpaka njia panda, kisha nikapanda mlima kwa miguu katikati ya migomba. Mama alinipikia loshoro, ndizi na maziwa ya mgando, akanitazama nikila bila kuniuliza neno. Baba ndiye aliyetaka kuelewa. Alikuwa mzee wa kanisa, na watu walimwuliza mwanawe anafanya kazi gani. Alikwisha kuwaambia ni benki, lakini uongo ulimkera.

Nikamweleza Jumapili moja baada ya ibada, tukiwa tumekaa chini ya paa la ghala ya kahawa. Alisikiliza kwa makini, kiwiko kwenye goti.

"Kwa hiyo mtu aweza kuwa na kipande cha shamba ambalo hajawahi kulikanyaga," alisema.

"Ndiyo, baba."

"Na anayelilima?"

"Huyo anapata mshahara."

Shamba la ndugu yake mdogo, upande wa mashariki wa mlima, lilikuwa limechukuliwa na serikali likagawiwa walowezi, na jambo hilo lilikuwa bado bichi nyumbani kwetu. Sikujua anawaza hilo au anawaza mengine. Alisimama, akasema anakwenda kumtazama ng'ombe, na hakuniuliza tena habari za kazi yangu. Wiki iliyofuata nilisikia kwamba bado anawaambia watu ni benki.

Basi mtu niliyebaki naye alikuwa Mgoa. Mwaka wa kwanza tulikaa chumba kimoja bila mazungumzo ambayo hayakuhusu kazi. Alinifundisha, lakini kwa kunikosoa tu. Sauti ya simu isiwe ya juu. Jalada lisimame, lisilale. Namba saba uikate kiunoni ili isifanane na moja. Kiswahili chake kilikuwa cha pwani, kizuri kuliko changu, nami nilijisikia mshamba mbele yake.

Mambo yalibadilika masika moja, tajiri akiwa amekwenda Nairobi. Mvua ilinyesha siku ya tatu mfululizo, hakuna mteja aliyekuja, na mimi nilikuwa sina cha kula. Ilikuwa Ijumaa. Mgoa alikuwa hali nyama siku hiyo. Alifungua kopo la dagaa wa mafuta, kama kila Ijumaa, akalitazama, akaligawa katikati kwa kisu cha kufungulia barua. Nusu yangu akaiweka juu ya kipande cha mkate. Hakusema karibu. Alisema tu kwamba kopo moja ni kubwa mno kwa mtu mmoja, jambo ambalo halikuwa kweli.

Tangu siku hiyo Ijumaa zilikuwa zetu. Ofisi ilipofungwa saa sita na nusu, wengine wakienda makwao kula, sisi tulibaki chumba cha nyuma na kopo letu. Alinieleza habari za binti yake mkubwa aliyesoma kwa masista na aliyeandika barua kwa mwandiko mzuri, wa mwanawe wa kiume aliyekuwa mgonjwa wa kifua, wa mdogo ambaye alimwacha akiwa tumboni na kumkuta anakimbia. Aliniambia kuwa kanisani Arusha alikaa benchi moja na Wagoa wenzake lakini hawakumwalika nyumbani, kwa sababu yeye alikuwa ni wa ukoo mdogo na wao wa ukoo mkubwa. Aliyasema hayo bila chuki. Na mara nyingi alirudia jambo moja: tajiri anamthamini. Miaka kumi na mmoja. "Katika nyumba hii," alisema, "ukimtoa yeye mwenyewe, hakuna anayelipwa kama mimi." Alipolisema alikaa wima, na mimi nilimfurahia.

Memsabu alikuja mwaka uliofuata. Hakuwa mtu mbaya. Alinisalimu kila asubuhi kwa Kiingereza, na alikuwa wa kwanza katika ofisi ile kuniuliza kama nina ndugu. Lakini kazi hakuijua. Mgoa ndiye aliyemfundisha mpangilio wa makabati, namna ya kuandika hati ya kuhamisha hisa, nani apewe barua ya heshima kubwa na nani ya kawaida. Barua zake zilizokosewa zilipita kwanza mezani kwa Mgoa, akazisahihisha kwa penseli nyembamba, akamrudishia kabla tajiri hajaona.

Miezi minne baada ya kuja, memsabu alishikwa na malaria akalazwa. Tajiri akatoka chumbani mwake asubuhi moja na karatasi mkononi, akatutazama sote wawili tuliokuwa chumba cha nyuma. Mgoa alikuwa kwenye simu na Nairobi. Tajiri alinipa mimi ile karatasi, akaniambia niipige taipu nakala mbili, nitie kwenye bahasha, nifunge.

Nilikaa kwenye kiti cha memsabu kwa mara ya kwanza. Ilikuwa barua kwa makao makuu, yenye orodha ya watumishi wa tawi la Arusha na mishahara yao. Mistari mitatu tu. Memsabu, miezi minne kazini, alikuwa akilipwa shilingi elfu moja na hamsini. Mgoa, miaka kumi na miwili sasa, mia nne na themanini. Wa tatu nilikuwa mimi, sina haja ya kurudia.

Mstari wangu haukunishtua. Nilikwisha kujua nasimama wapi. Mstari wa pili ndio ulionifanya nisimamishe vidole. Kupitia mlango ulio wazi nilisikia sauti yake kwenye simu, ile sauti ya chini aliyonifundisha, akirudia bei za mkonge. Nilijisikia kama mtu aliyefungua mlango akamkuta baba yake hana nguo. Sikukasirika bado. Nilitaka tu nisiwe nimeona.

Nikaipiga nakala mbili, nikafunga bahasha, nikaipeleka posta mwenyewe.

Kwa wiki tatu nililala na namba zile. Mwisho hasira ikaja, lakini ilikuja kwa ajili yangu na si kwa ajili yake, na hilo ndilo ninalolionea haya zaidi. Dada yangu mdogo alikuwa amechaguliwa kuingia shule ya wasichana ya misheni, na ada ilitushinda. Nikabisha mlango wa tajiri, nikamwomba nyongeza. Niliiomba kwa Kiingereza, nimejipanga maneno tangu usiku. Alinisikiliza, akasema kwa Kiswahili chake kwamba karani wa Kiafrika ana daraja lake, karani wa Kiasia ana lake, Mzungu ana lake. Hakulitunga yeye, alilikuta. Nikamwambia najua, nimeliona kwa macho yangu kwenye orodha.

Akaweka kalamu chini. Akanitazama kwa muda, na nadhani ndiyo mara ya kwanza aliyowahi kunitazama hasa.

"Wewe naambia Mgoa?"

Nikasema bado.

Alikwenda dirishani, akarudi. Kisha, kwa mara moja tu katika miaka minne, alinisemesha Kiingereza. Alisema kwamba Mgoa ni mtu mwaminifu na mwenye fahari, na kwamba kujua kungemwumiza bila kumsaidia, kwa kuwa makao makuu hayatabadilisha daraja. Alisema kwamba mtu mwungwana angelielewa hilo. Kisha akasema nitaongezewa shilingi ishirini kuanzia mwezi ule.

Nikasema asante. Nilitoka nikijua wazi kwamba nimenunuliwa, na bei yangu pia nikaijua. Dada yangu alikwenda shule.

Memsabu alipopona alirudi amekonda, na maisha ya ofisi yakaendelea. Siku moja, akisimama mlangoni kwetu akisubiri jalada, alimlalamikia Mgoa kwamba kwa mshahara huu anashindwa kulipa kodi ya nyumba na kulisha farasi wake. Alisema kwa mzaha, bila ubaya, kama mtu azungumzavyo na mjomba. Mgoa alicheka kwa adabu. Memsabu alipoondoka, Mgoa aliacha kuandika. Niliona amelishika jalada bila kulifungua, na nikajua anapiga hesabu.

Siku ile na ya pili alifanya kazi kama kawaida. Siku ya tatu ilikuwa Ijumaa. Ofisi ilifungwa, tukabaki wawili. Alifungua kopo, akaligawa, akaniwekea sehemu yangu. Kisha, badala ya kula, akafuta vidole vyake kwa leso, kimoja kimoja.

"Kijana, yule mama alipokuwa hospitali, orodha ya mishahara ulipiga wewe."

"Ndiyo, mzee."

"Yeye anapata ngapi?"

Nilitazama dagaa wangu juu ya mkate. Ningeweza kumwambia. Ningeweza hata kusema kwamba nimekatazwa, naye angeheshimu, kwa kuwa kanuni ile aliipenda. Lakini kusema nimekatazwa kungekuwa kumjibu. Nikafikiri habari za mwanawe mwenye kifua, nikafikiri habari za dada yangu, na nikachagua neno la mwoga.

"Sikumbuki," nikasema.

Mgoa alinijua. Alikuwa amenifundisha mwenyewe kushika namba kichwani, bei arobaini kwa mpigo, tangu simu ilie mpaka chaki iguse ubao. Hakunibishia. Alitikisa kichwa polepole, akaanza kula, na alipomaliza alilifunga kopo kwenye gazeti kama kawaida. Ijumaa iliyofuata hakuligawa. Alikaa akiwa amenipa mgongo, akala dagaa wote, hata mafuta akayachovya kwa mkate. Mimi nikatoka nikaenda kukaa kwenye ngazi za uani.

Tulikaa hivyo miezi minane. Chumba kilikuwa cha hatua sita kwa saba, nimekipima kwa miguu. Alinisemesha aliponihitaji, kwa heshima, bila kunikosoa tena. Hata saba zangu nilipoacha kuzikata hakusema. Sikuwahi kujua kwamba mtu aweza kulilia kukosolewa. Kaloleni walininyamazia kwa kosa ambalo sikulitenda, na nililistahimili. Hapa nilinyamaziwa kwa haki.

Aliondoka kurudi kwao Goa mwanzoni mwa kiangazi. Alikuwa ameandika barua ya kuacha kazi na kumpa tajiri mwenyewe, mkononi. Sikujua mpaka wiki yake ya mwisho, nilipomwona anatoa kabatini kikombe chake na kukizungushia gazeti. Tajiri alimpa saa ya mkononi, akasema maneno machache mbele yetu sote, na memsabu akalia. Mimi niliambiwa nimbebee sanduku mpaka stesheni. Njiani tulipita sokoni, mbele ya maduka ya Wahindi, nami nilikuwa na maneno yote tayari mdomoni. Kulikuwa na watu. Nikasema nitasema tukifika. Tulipofika, Wagoa wawili wa kanisani walikuwa wamekuja kumsindikiza, wale wale ambao hawakumwalika kamwe, na akawa katikati yao akizungumza lugha yao. Alinipa mkono. "Uangalie afya," aliniambia. Treni ikaondoka.

Nilipewa meza yake na kazi yake yote, simu ya Nairobi pamoja nayo. Mshahara ulipanda ukafika mia mbili, ambazo zilikuwa chini ya nusu ya zake. Nilizichukua. Niliandika bei mwenyewe na kuzipandisha ubaoni mwenyewe, na chumba cha nyuma kikawa changu peke yangu. Siku nyingine zilipita saa sita nzima bila mtu kutamka neno lililonihusu mimi.

Walowezi walikuwa wameanza kuuza. Hakuna aliyesema kwa sauti kwa nini, lakini kila mtu alijua Mwingereza anafungasha, na asubuhi mbele ya ubao nyuso zilikuwa ndefu. Tajiri alipunguza saa za kazi, kisha akamwacha memsabu aende, kisha siku moja akaniambia tawi linafungwa. Alinipa mshahara wa mwezi mmoja na barua nzuri ya sifa, ambayo aliipiga taipu mwenyewe kwa vidole viwili. Alinipa na mkono pia. Nilishuka barabarani na barua yangu, na jambo la ajabu ni kwamba nilipofika Kaloleni na kusema nimeachishwa kazi na Wazungu, fundi cherehani alisogea kwenye benchi akanipa nafasi nikae. Miaka minne. Nilikaa dakika chache, nikaaga nikaenda kulala.

Ushirika wa wakulima wa kahawa ulinichukua kuwa karani wa mizani, karibu na nyumbani. Baba alifurahi. Hatimaye alikuwa na jibu la kuwapa watu, maana kila mmoja wao aliijua mizani. Nami nilifurahi, ila nilikuwa nimezoea kunyamaza, na watu walinikuta mzito.

Ni huko ushirika ndiko nilikoandika barua. Anwani ya Goa niliijua kwa kichwa, kwa kuwa nilimpelekea hawala posta mara nyingi. Nilimwandikia kila kitu: memsabu alilipwa ngapi, nililiona lini, nilimwendea tajiri kwa ajili ya nani, na kwamba nilipewa shilingi ishirini nikazipokea. Nilimwomba radhi. Nilitia stempu yenye kichwa cha Malkia, nikaitumbukiza kabla sijabadili mawazo.

Jibu lilichukua miezi mitatu. Liliandikwa kwa Kiswahili, kwa mwandiko ule ule wa penseli nyembamba. Alisema kwamba hakujua kiasi. Alijua tu kwamba nimeficha, na hilo lilimtosha kukisia. Alisema: "Ungeniambia Ijumaa ile, ningeacha kazi Ijumaa ile, na ada ya watoto ingekatika. Kwa hiyo sijui kama nikulaumu au nikushukuru. Nimefikiri mara nyingi na bado sijui." Mwanawe mwenye kifua alikuwa amefariki. Binti alikuwa mwalimu. Mwishoni aliniuliza kama kahawa imezaa vizuri mwaka huu.

Niliisoma nimesimama kati ya magunia, wakulima wakisubiri zamu zao. Mzee mmoja aliniuliza kama ni habari za msiba. Nikasema hapana, ni mtu tuliyefanya naye kazi mjini. Akauliza kazi gani. Nikafungua kinywa kumweleza, nikaona foleni ilivyo ndefu, nikamwambia alete gunia lake.

Nilianza kumjibu Mgoa mara tatu nikachana. Ya nne niliipeleka posta, nayo ilikuwa na pole kwa mwanawe, habari za mvua, na bei ya kahawa. Hakuandika tena. Au aliandika na barua ikapotea, maana siku zile mambo mengi yalikuwa yanabadilika, na stempu pia.